Lenana Upande Huu, Sendeyo Upande Ule

Vilele vikubwa vya Mlima Kenya vina majina ya ukoo mmoja, na wengi wetu tunayataja bila kujua. Batian, mita 5,199, ni Mbatian, oloiboni mkuu wa Wamaasai aliyefariki mwaka 1890. Nelion, mita 5,188, ni Nelieng, ndugu yake. Lenana, mita 4,985, ni Olonana, mwana wa Mbatian. Hiki cha tatu ndicho unachokiona kwenye status za watu kila Desemba, wamevaa jaketi za kukodi, nyuso zimevimba kwa baridi, bendera mkononi. Kati ya hivyo vitatu, ndicho ambacho mtu wa kawaida anaweza kukifikia kwa miguu bila kamba. Hapo ndipo Kisoi Munyao alipopandisha bendera ya Kenya mwaka 1963, nchi ilipopata uhuru.

Lakini Mbatian alikuwa na mwana mwingine. Upande wa kaskazini, kimejitenga kidogo na wenzake, kuna kilele cha mita 4,704 kinachoitwa Sendeyo. Sijawahi kuona picha ya mtu yeyote ninayemjua akiwa huko juu.

Majina ya ukoo huu yaliingia kwenye ramani kupitia Halford Mackinder, Mwingereza wa mambo ya jiografia. Tarehe 13 Septemba 1899 alifika kilele cha Batian akiwa na César Ollier na Joseph Brocherel, waongozaji wa milima kutoka Italia. Msafara wake ulikuwa na watu karibu 170, wengi wao wapagazi Waswahili na Wakikuyu, na hakuna mpagazi aliyepewa hata jiwe. Ushauri wa majina aliupata kwa Sidney Hinde, afisa wa Kiingereza aliyesimamia eneo la Wamaasai. Kumbuka mwaka huo, 1899, kwa sababu wakati huo Lenana na Sendeyo walikuwa bado maadui.

Ugomvi wenyewe unasimuliwa hivi. Mbatian, mzee mwenye jicho moja, alipohisi kifo kinakaribia alimwambia Sendeyo, mwanawe mkubwa, aje alfajiri apokee vifaa vya uoloiboni, likiwemo rungu la chuma. Lenana alikuwa amejificha karibu, akasikia. Akaamka mapema kuliko kaka yake, akaingia kwa baba, akajibu kwa jina la Sendeyo, akapewa. Sendeyo alipofika akakuta baraka imeshatoka. Kama ulihudhuria shule ya Jumapili, hapo lazima umkumbuke Yakobo na Esau. A. C. Hollis, afisa wa kikoloni, aliiandika hadithi hii kwenye kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu Wamaasai.

Mimi sikuitoa kitabuni. Nilisimuliwa na beste yangu, tukiwa tumesimama kwenye mlima wenyewe, tunahema kama mbwa wa mchungaji.

Ilikuwa Agosti 2018. Yeye alikuwa anasoma historia, mimi biashara, na tulikuwa tumejifunza kukimbia pamoja kwa sababu mbio ndio mchezo pekee usiolipiwa. Tulianzia geti la Sirimon, mita 2,650, karibu na Timau. Kutoka hapo hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300, ni kama kilomita tisa za njia pana inayopanda taratibu, msitu kwanza, halafu miti inaanza kuwa mifupi hadi inakuacha peke yako na upepo. Mzee aliyekuwa akituongoza alitutangulia kwa gari lililokuwa linapeleka mizigo. Tulipofika Old Moses tulimkuta na kikombe cha chai. Akatucheka. "Vijana, mlima haukimbiliwi. Mlima unasalimiwa."

Sisi tukaendelea kidogo juu ya kambi, yeye akabaki na chai yake.

Ukungu ulipofunguka, beste akasimama, akanionyesha vilele kimoja kimoja kama mtu anayekutambulisha kwa wajomba. Akanisimulia habari ya jicho moja na rungu la chuma. Kisha akanigeuza niangalie nyuma, kule chini ambako nchi imelala tambarare hadi macho yanachoka. "Ile yote ni Laikipia," akasema. "Ile ndiyo ilikuwa bei."

Maana hadithi ya ndugu hawa haiishii kwa baba. Baada ya kifo cha Mbatian, Wamaasai walikuwa wameumia vibaya: maradhi yalikuwa yamemaliza ng'ombe, na ndui ikamaliza watu. Wafuasi wa ndugu wawili wakapigana juu ya mabaki. Sendeyo akawa upande wa Loita na kusini, ambako Wajerumani walikuja kutawala. Lenana akawa jirani na Waingereza, na Waingereza wakamfanya kuwa mkuu wa Wamaasai wote, cheo ambacho Wamaasai wenyewe hawakuwa nacho. Mwaka 1904 alikuwa kati ya waliotia alama kwenye mkataba uliowaondoa Wamaasai kwenye malisho ya Bonde la Ufa ili walowezi waingie. Sehemu ya watu wakapelekwa Laikipia, wakaahidiwa kwamba ardhi hiyo ni yao maadamu kabila lao lipo.

Ahadi ilidumu miaka saba. Lenana alifariki Machi 1911, na maafisa wa serikali wakadai kwamba alipokuwa anakata roho aliwausia watu wake watoke Laikipia wahamie kusini. Mwezi uliofuata mkataba mpya ukatiwa saini, na kufikia 1913 Laikipia ilikuwa imeondolewa Wamaasai. Waliokataa walienda mahakamani, kesi inayojulikana kama ya Ole Njogo. Mahakama haikusema walikuwa wanadanganya. Ilisema mikataba ile ni kama ya taifa na taifa, kwa hivyo haina uwezo wa kuiamua.

Sasa angalia jinsi mambo mawili makubwa ya maisha ya Lenana yanavyofanana. Moja lilitokea kwenye boma la baba anayekufa, lingine yeye mwenyewe akiwa kitandani anakufa. Kote kuwili kuna maneno ya mwisho, na kote kuwili tunayapata kutoka kwa mtu mwenye faida. Hadithi ya baraka iliyoibwa inampendeza aliyekuwa upande wa Sendeyo. Wosia wa 1911 uliwapendeza waliotaka Laikipia. Mwenye maneno hayupo tena wa kuulizwa.

Mimi na beste tuligeuka kabla ya kufika tulikopanga. Hapo ndipo kuna shida.

Ninavyokumbuka mimi, kichwa kilikuwa kinamuuma, akakaa juu ya jiwe, na mimi ndiye niliyesema turudi. Anavyokumbuka yeye, mimi ndiye niliyekaa juu ya jiwe, na yeye ndiye aliyeniinua. Kwa miaka mitatu hatukujua kwamba tuna hadithi mbili, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaisimulia mwenzake akiwa hayupo. Tuligundua 2021, kwenye kibanda cha chapo na madondo, mbele ya watu wengine wanne. Alianza yeye kuisimulia kama kichekesho. Nikamkatiza. Akacheka. Nikamkatiza tena.

Akasema, "Zi, ni wewe. Wewe mambo huwa unaachia katikati."

Kila mtu pale mezani alijua nilikuwa nimetoka chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda. Yeye alikuwa anangojea kuvaa joho. Hakuna aliyeongea tena habari ya mlima. Tulilipa, tukapanda mathree tofauti, na baada ya hapo jumbe zikawa za birthday, kisha za mwaka mpya, kisha tiki mbili zisizo na jibu. Nasikia sasa anafundisha mahali. Nafurahi kusikia hivyo.

Nimetafuta ushahidi, kama ambavyo angenifundisha. Programu ya mbio kwenye simu yangu ya zamani bado ina ile siku: tulipanda kilomita 11, tukasimama dakika 14, tukageuka. Mstari unaonyesha mahali tuliposimama, hauonyeshi nani alikaa. Picha ipo moja tu, yeye amenyoosha mkono kuelekea Sendeyo, na aliyepiga ni mimi, kwa hivyo simo. Mzee alikuwa na chai yake kule chini. Mashahidi ni wawili, na hawaongei.

Ndiyo maana hii historia imenikaa kooni. Kila kitu nilichokuandikia hapa juu kuhusu vilele nilianza kukijua kwa sababu yake. Darasa lilikuwa lake, na simulizi lilikuwa lake. Lakini mwenye makala ni mimi, na ukisoma hapa utajua upande mmoja, ule wa aliyeamka mapema. Ningekuwa ananisoma akiwa Loita, ningetaka msomaji alijue hilo.

Halafu kuna jambo ambalo hakunisimulia siku ile, nililisoma baadaye peke yangu. Mwaka 1902 Sendeyo alirudi, akapatana na Lenana. Baada ya zaidi ya miaka kumi ya uadui na damu, ndugu wakaelewana. Hakukuwa na jibu la nani alistahili rungu. Rungu lilibaki lilipokuwa. Walipatana bila kukubaliana kuhusu alfajiri ile.

Ramani haikungoja. Ilichorwa miaka mitatu mapema, ugomvi ukiwa moto, na majina yakabaki hivyo hivyo: mmoja karibu na baba yake, ambako watu hupiga foleni kupiga picha alfajiri, na mwingine kando, kaskazini. Ukipanda kwa njia ya Sirimon, utakipita Sendeyo kabla hujafika Lenana. Kila mtu anayeenda kwa mdogo kupitia huko hupita kwanza kwa mkubwa. Mwambie mwongozaji akuonyeshe.