Kiingilio cha Ikulu

Ndugu msomaji, kila siku redio inatutajia neno Ikulu, nasi tunalisikia kama neno la Dar es Salaam au la Dodoma. Kumbe ni neno letu sisi watu wa bara, Wasukuma na Wanyamwezi. Ikulu ni makazi ya mtemi. Kabla hatujawa na rais, kabla hata gavana hajaja, huku Simiyu kulikuwa na tawala za Ntuzu, Itilima na Kanadi, na kila mtemi alikuwa na ikulu yake, ngoma zake, na watu wake wa kuingia na wa kusimama nje. Kiswahili kilipotafuta jina la nyumba ya mkuu wa nchi, kilikuja kuliazima huku kwetu. Neno likasafiri likawa kubwa. Nyumba zenyewe zikabaki nyuma, na jinsi zilivyobaki ndiyo habari ninayotaka kuwapa leo. Ila nitaanzia mbali kidogo, Beijing, maana ni huko nilikoanza kuiwazia habari hii.

Nilikuwa nasoma China, na likizo moja nikaamua kwenda kuona ikulu ya wafalme wao wa zamani kwa miguu yangu mwenyewe, bila kampuni ya watalii na bila mtu wa kunishika mkono. Wenyewe waliiita Mji Uliokatazwa. Mfalme Yongle wa ukoo wa Ming alianza kuijenga mwaka 1406, ikakamilika mwaka 1420. Wafalme 24 walikaa humo, wa ukoo wa Ming na wa Qing waliofuata. Ina ukuta wa mita 10 kwenda juu na handaki la maji lenye upana wa mita 52, na ndani yake kuna hekta 72 za mapaa ya rangi ya njano. Mtu wa kawaida kukanyaga humo bila ruhusa ilikuwa ni kujitafutia kaburi.

Mfalme wa mwisho, Puyi, aliachishwa ufalme Februari 1912 akiwa mtoto wa miaka 6. Akaachwa akae humohumo ndani mpaka Novemba 1924, alipotolewa. Haukupita hata mwaka. Tarehe 10 Oktoba 1925 milango ikafunguliwa, ikulu ikawa makumbusho, na yule yule mkulima ambaye babu yake angeuawa kwa kuchungulia akaingia na tiketi yake mkononi.

Tiketi ya siku hizi nayo si mchezo. Tangu Oktoba 2017 hakuna dirisha la kwenda kujipangia foleni ukanunue siku hiyohiyo. Unakata mapema kwa simu. Nafasi zinafunguliwa siku saba kabla, saa mbili usiku ya Beijing, ambayo kwa Bariadi ni saa tisa alasiri, watu wakiwa bado juani. Unachagua asubuhi au mchana, unaandika jina lako herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, unaandika namba ya pasipoti, unalipa. Kuanzia Aprili hadi Oktoba ni yuan 60, kuanzia Novemba hadi Machi ni yuan 40. Jumatatu wanafunga. Karatasi hupewi, pasipoti yenyewe ndiyo tiketi. Hata uwanja wa Tiananmen ulio mbele ya ikulu unauwekea nafasi, ingawa huo ni bure. Ukitaka kwenda kwenye Ukuta Mkuu upande wa Badaling ni hivyo hivyo. Huko tangu Juni 2019 waliweka kikomo cha watu 65,000 kwa siku.

Mwanzoni niliona ni usumbufu. Sisi tumezoea kufika kwanza, mengine tutaongea hukohuko. Lakini sababu yao ipo. Siku moja ya sikukuu, Oktoba 2012, watu zaidi ya 180,000 waliingia katika ikulu ile. Hebu fikiri miguu 360,000 juu ya sakafu ya miaka 600! Ndipo ikawekwa hesabu: watu kadhaa kwa siku, basi. Mahali pamehesabiwa kama mgonjwa anavyohesabiwa vidonge.

Asubuhi yangu ilipofika nilipanga mstari nyuma ya mzee mmoja aliyekuja na mjukuu wake. Akaniuliza natoka wapi. Nikamjibu, Tansangniya, ndivyo wanavyoiita nchi yetu. Uso ukamfunguka. Akasema maneno mawili tu: "Tan-Zan tielu." Reli ya TAZARA! Wazee wengi wa kule wanaijua Tanzania kwa reli ile ya kilomita 1,860 iliyojengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Akaanza kumweleza mjukuu, nami nikiambulia neno moja moja: mbali, joto, ndugu. Mtoto akanitazama kama ningeweza kuitoa treni mfukoni.

Mbele yetu lilikuwa Lango la Wu. Ukilitazama kwa mbele unaona milango mitatu. Ukishapita ukageuka nyuma unaona mitano. Zamani kila mlango ulikuwa na watu wake. Wakubwa wa serikali walipita pembeni. Ule wa katikati ulikuwa wa mfalme peke yake. Malkia aliupita mara moja tu maishani, siku ya harusi yake. Na kulikuwa na watu wengine watatu walioruhusiwa kuupita, mara moja tu, tena wakati wa kutoka. Hapa naomba wenzangu mnaoandika mnisikilize vizuri.

Hao watatu walikuwa washindi wa mtihani. Kwa kawaida kila miaka mitatu vijana waliochujwa nchi nzima walifika ikulu kuandika insha mbele ya mfalme. Wengine walikuwa wameanza kujisomea wakiwa watoto na sasa wana mvi. Mshindi wa kwanza, wa pili na wa tatu walitoka nje kwa mlango wa katikati. Mtoto wa mkulima angeweza, kwa kalamu tu, kutembea palipokanyagwa na mfalme. Mitihani ile ilifutwa mwaka 1905. Siku hizi mlango wa katikati anapita yeyote mwenye tiketi, nami nikaupita na begi langu mgongoni. Sikupigiwa vigelegele, lakini siwafichi, nilitembea polepole.

Kalamu ndiyo inayonikumbusha twiga. Mwaka 1414 mfalme huyohuyo Yongle aliletewa twiga na mtawala wa Bengali, na mwaka 1415 akaletewa mwingine kutoka Malindi, pwani yetu hii. Wachina hawakuwahi kuona kitu kama hicho. Wakasema ni qilin, mnyama wa hadithi anayetokea nchi ikiwa na mtawala mwema. Twiga huyo wa kwanza alichorwa, na mwandishi wa ikulu aitwaye Shen Du akaandika sifa zake juu ya picha. Kwa hiyo leo, baada ya miaka zaidi ya 600, tunajua mwaka, tunajua mfalme, tunajua jina la mwandishi. Aliyemkamata mnyama yule porini Afrika hatumjui. Aliyemchungia na kumnywesha maji mpaka melini hatumjui. Sisi tunaokaa karibu na pori la Maswa, ambao twiga kwetu si hadithi, upande wetu wa kisa hicho ni ukurasa mtupu.

Kutoka Beijing nilipanda treni hadi Xi'an, pasipoti tena ikiwa ndiyo tiketi, kuwaona askari wa udongo wa mfalme Qin Shi Huang aliyekufa mwaka 210 kabla ya Kristo. Kiingilio ni yuan 120, nacho nilikilipia mapema. Wanakadiriwa kufika 8,000, wa ukubwa wa mtu, kila mmoja na sura yake. Mwanahistoria mkubwa wa Kichina, Sima Qian, aliandika habari za kaburi la mfalme huyo karne moja hivi baada ya kuzikwa kwake, akataja hata mito ya zebaki, lakini askari hawa hakuwataja. Wangebaki chini milele kama si wakulima wa kijiji kimoja cha Lintong waliokuwa wakichimba kisima Machi 1974. Walitafuta maji, jembe likagonga kichwa cha udongo.

Kilichonishika zaidi pale ni kitu kidogo. Kwenye miili ya baadhi ya askari kuna majina, yamechorwa au kugongwa muhuri katika udongo ukiwa bado mbichi. Ni majina ya mafundi, ili kazi ikiwa mbovu ajulikane wa kuulizwa. Ilikuwa amri ya kuwabana. Lakini mfalme aliyetaka kuwabana ndiye aliyewafanya wasife. Nilisimama pale nikawaza: hivi kinu cha pamba cha kwetu, kilichochambua jasho la wazazi wetu miaka nenda rudi, ni nani aliyekijenga? Jina lake limeandikwa wapi?

Na huo mwaka 1974, ndugu msomaji, uweke akilini. Wakati wakulima wa Lintong wakifukua, huku kwetu tulikuwa tukifukia. Bariadi ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Operesheni Vijiji ilikuwa imepamba moto. Watu walihamishwa kutoka kaya zao za zamani wakapangwa kwenye mistari ya vijiji vipya. Sibishani hapa kuhusu shule na zahanati zilizokuja na vijiji hivyo, mimi mwenyewe nimesomea katika mojawapo. Nazungumzia kilichoachwa nyuma: mahame. Utawala wa watemi ulikuwa umeshafutwa mwaka 1963, na sasa hata wale waliojua ikulu ilikuwa wapi wakahamishwa mbali nayo.

Nilivyorudi nyumbani nikamwomba bibi yangu anionyeshe mahame yetu. Akacheka. "Mjukuu wangu, umetoka kuona nyumba za Wachina, sasa unataka kuona majani?" Nikamwambia ndiyo bibi, nataka kuona majani. Akasema basi nije kesho alfajiri kabla jua halijawa kali, na nije na kilo moja ya sukari.

Tukatembea kama saa moja na nusu. Mahali penyewe ungepita bila kugeuza shingo. Ni shamba la pamba la mtu, na kwenye kona moja kuna mstari wa minyaa iliyozeeka, mirefu kuliko nyumba. Bibi akaishika ile minyaa kama mtu anayeshika fremu ya mlango. Hapa ndipo palipokuwa lango la ng'ombe. Pale, penye mkwaju, alikaa mwanangwa, mkubwa wa gunguli chini ya mtemi, na ni pale kesi zilipoamuliwa. Ukiitwa kwenye kesi ulikaa chini nje ya uzio mpaka uitwe, na mtoto hakuruhusiwa kusogea. Akanionyesha alipokuwa akijificha akiwa msichana, asikilize wanaume wakibishana. Nikamuuliza majina. Akayataja, mmoja baada ya mwingine, na nani alioa wapi. Nilijaza kurasa nne. Mwenye shamba akapita na baiskeli, akatusalimia, akatuambia minyaa hiyo ataing'oa mwakani maana inamlia nafasi.

Nilikosa la kumjibu. Shamba ni lake, pamba ndiyo ada ya watoto wake. Nitamwambia aache kwa sababu gani, kwamba bibi yangu alijificha hapo?

Ndipo nikaielewa tiketi ya Beijing. Yuan 60 ni fedha ya mlo mmoja. Uzito wake uko kwingine: kuna mtu aliamua kwamba mahali pale pana mwanzo na mwisho, pana lango, pana mlinzi, na pana idadi ya miguu pinayoweza kuvumilia. Mahame yetu unaingia bure saa yoyote, na trekta nalo linaingia bure saa yoyote.

Wasukuma hatukukosa kabisa. Nenda Bujora, pale Kisesa, barabara ya Musoma, kilomita kama 20 kabla ya kuingia Mwanza mjini ukitokea huku. Kutoka Bariadi unapitia Lamadi na Magu. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, pamoja na Wasukuma wa hapo walikusanya ngoma za watemi, viti vyao na vitu vyao, wakavijengea nyumba yenye umbo la kiti cha enzi. Unalipa kiingilio, unaelezwa, unaona. Na kila Juni kuna Bulabo, wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu wanashindana mpaka vumbi linafunika watazamaji. Ni kazi kubwa, naiheshimu. Lakini ngoma ikishatolewa ikulu ikapelekwa makumbusho, ikulu yenyewe haiwezi kubebwa. Hiyo inabaki hukohuko porini, na mlinzi wake ni mtu anayekumbuka.

Na mtu anayekumbuka naye ana siku zake. Kwa wazee unaweka nafasi mapema kama Beijing: uliza ni lini hana shamba, nenda alfajiri, beba sukari. Andika majina herufi kwa herufi, kama yalivyo. Andika na ya mafundi, ya wachungaji, ya wanawake waliojificha nyuma ya uzio. Mimi nimeanza na upande wa Ntuzu, daftari limefika ukurasa wa 40. Wewe wa Maswa, wewe wa Meatu, wewe wa Busega unayesoma gazeti hili ndani ya daladala Dar, likizo ukirudi nyumbani anza na wa kwenu, kisha tuletee hapa tulisome. Pamba ya mwaka huu ikishavunwa, ile minyaa itang'olewa.