Nakshi za misahafu ya Pwani na namna ya kuzitazama

Anayepita katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, huvutiwa na milango iliyochongwa maua na mikufu. Nakshi zinazokaribiana na hizo zimo pia katika misahafu iliyoandikwa kwa mkono kisiwani Pate, hasa mjini Siyu, katika karne ya 18 na ya 19.

Katika Injili za kale za Ethiopia na vitabu vya kanisa vya Ulaya ya zama za kati, wachoraji walitia sura za watakatifu. Msahafu hauna sura ya mtu wala mnyama. Utukufu wa neno huonyeshwa kwa mistari, maua na rangi.

Mtazamaji aanze na kurasa mbili za mwanzo, zenye Al-Fatiha na mwanzo wa Al-Baqara, zilizozungushiwa fremu pana za nyekundu, nyeusi na manjano. Kisha atazame pambizoni: duara zilizonakshiwa hapo si pambo tupu, bali humwongoza msomaji katika migawanyo ya juzuu 30.

Karatasi ilitoka ng'ambo, aghalabu Ulaya. Mkono ulikuwa wa hapa. Mara nyingi ukurasa wa mwisho ndio unaotaja jina la mwandishi na mwaka wa Hijria. Ukiliwa na mchwa, au kurasa zikichanwa na kuuzwa mojamoja, kazi hubaki bila mwenyewe. Kwa hiyo familia iliyorithi msahafu mkongwe iuhifadhi pakavu, ukiwa mzima, na itafute ushauri wa wataalamu wa makumbusho kabla ya kuutengeneza.