Msasa, kasha la nyanya na historia iliyojificha kwenye mbao

Kila Rais anapoteua mawaziri, vyombo vyetu vya habari hutangaza kwamba wateule hao 'watapigwa msasa' na Bunge. Walimu nao hupigwa msasa kuhusu mtaala mpya, makocha huwapiga msasa wachezaji wao, na mwanafunzi wa kidato cha nne huambiwa aipige msasa insha yake kabla ya kuikabidhi. Nahau hii imekolea kiasi kwamba wengi wetu tumesahau kuwa ndani yake mna mti.

Naam, mti. Msasa ni mti wa jamii moja na mkuyu, na majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka. Kabla ya karatasi za dukani, seremala wa pwani aliyachuma majani hayo, akayakausha, kisha akayatumia kusugulia mbao na pembe hadi zikawa laini. Karatasi yenye chengachenga za mchanga ilipoingia sokoni, ilirithi jina la jani. Baadaye jina likatoka karakanani, likaingia darasani na bungeni. Leo fundi kijana anaulizia msasa kwenye duka la vifaa vya ujenzi bila kujua kwamba anataja mmea.

Useremala, kwa hakika, ni mojawapo ya maktaba bora za historia ya Kiswahili, ila wasomaji wake ni wachache. Hebu msomaji atazame chumba alichomo. Kiti alichokikalia kina shina moja na mti; Wagikuyu nao wana mũtĩ na gĩtĩ kwa maana zizo hizo. Hilo ni tabaka la Kibantu. Kitanda kimetokana na kutanda, maana kamba zilitandwa na kuwambwa kwenye fremu ya miti. Sanduku na msumari ni Kiarabu. Randa inayolainisha ubao ni neno la Kiajemi, na mafundi wa Kihindi pia wanalitumia. Meza ni mesa ya Kireno. Kabati, stuli na kochi ni Kiingereza. Chumba kimoja tu, basi, kina matabaka ya karne nyingi.

Tabaka la Wareno lina funzo lake. Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka wa 1498. Mnamo 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, na mwaka wa 1698 ngome hiyo ikaanguka mikononi mwa Waomani baada ya kuzingirwa tangu 1696. Wareno walirudi kwa muda mfupi mwaka wa 1728, wakafukuzwa tena mwaka uliofuata. Mizinga yao ilinyamaza lakini meza zao zilibaki, zikasafiri hadi bara ambako wao wenyewe hawakutia mguu: Wajaluo wanasema mesa, Waganda wanasema emmeeza. Neno almari, yaani kabati la nguo, lilizunguka zaidi. Wareno walilipeleka armário India, Wahindi wakalifanya almari, nasi tukalipokea kutoka kwao.

Si kila neno lilidumu. Wareno walituachia pia parafujo, yaani ule msumari wenye hesi unaokazwa kwa bisibisi. Neno hilo limo kwenye kamusi zetu hadi leo, ila ukilitamka katika karakana nyingi za Nairobi utaangaliwa kama mtu aliyetoka sayari nyingine. Skurubu ya Mwingereza imeling'oa.

Kwenye orodha hiyo ya Kireno wanaisimu hulitia pia neno kasha, wakilinasibisha na caixa. Neno linanasibishwa na Wareno, lakini makasha mengi tunayoyaita ya Lamu, ya Mombasa au ya Unguja yaliundwa India. Yalikuja kwa majahazi wakati wa kaskazi, yakiwa yamejazwa nguo na bidhaa nyingine, na majahazi yakarudi na kusi. Mbao zake mara nyingi ni za msaji, neno ambalo shina lake ni saj la Kiarabu. Msaji una mafuta ya asili ndani yake na mchwa hawaupendi. Uso wa kasha hupambwa kwa njumu, zile nukta za shaba zinazopangwa kwa maumbo ya maua na nyota. Ndani, upande mmoja, huwa na kijisanduku chenye kifuniko, na chini yake watoto wa siri. Ndiyo, watoto: Waswahili waliita droo 'mtoto wa meza' muda mrefu kabla ya kuazima neno droo.

Kasha la aina hiyo lilikuwa la nyanya yangu mzaa mama, Mji wa Kale, Mombasa. Kwa miaka mingi lilikaa chini ya dirisha la chumba cha uani, likafanywa kiti, meza ya kupigia pasi na ngazi ya watoto wanaotaka kuchungulia nje. Mwaka huu mpwa wangu anaolewa, na familia iliamua apewe kasha hilo kama nyanya alivyopewa katika arusi yake. Ila lilikuwa limechakaa. Rangi yake imekuwa nyeusi kwa moshi na uchafu wa mikono, njumu kadhaa zimeng'oka, na miguu, ambayo iliongezwa baadaye kwa mbao laini, imeliwa na mchwa.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Dada yangu mkubwa alitaka ling'ae. Hoja yake ilikuwa nzito na sitaidharau: bi arusi hapewi kitu kinachofanana na jaa, na kasha ni la kutumiwa, si la kuwekwa nyuma ya kioo. Fundi tuliyemwita alimuunga mkono. Aliligonga kasha kwa vidole, akatabasamu, akaniambia: "Prof, hii kazi ya siku mbili tu. Tunapitisha mashine ya msasa ndani na nje, tunapuliza vanishi, mwenyewe utadhani limetoka dukani leo." Mimi nikauliza swali moja: lilipakwa nini hapo awali?

Swali hilo lina historia yake. Vanishi za kisasa hukauka na kuwa kama plastiki. Mafundi wa zamani wa India walitumia utomvu wa mdudu mdogo anayeishi kwenye matawi ya miti, ukayeyushwa kwa spiriti na kupakwa kwa kitambaa kilichofunga pamba, tabaka juu ya tabaka. Jamaa ya jina la mdudu huyo unaijua: ni lakiri, ile nta nyekundu waliyofungia barua rasmi. Tofauti ya mipako hii miwili hupimika kwa urahisi. Tia tone la spiriti mahali pasipoonekana. Mpako wa lakiri utalainika na kunata. Vanishi ya kisasa haitashtuka. Tulipojaribu nyuma ya kasha, mpako ulinata kidoleni.

Maana yake ni kwamba hapakuwa na haja ya kukwangua. Mpako wa lakiri ulioparara unaweza kulainishwa kwa spiriti ukajipanga upya juu ya ubao uleule. Fundi, ambaye ni mtu wa kusikia, alikubali tujaribu. Uchafu tuliutoa kwa kitambaa na tarpentaini kidogo, kwa sababu tarpentaini huondoa nta na masizi bila kuigusa lakiri. Siku ya tatu rangi ya msaji ikaanza kuchomoza, kahawia yenye michirizi ya dhahabu, na dada yangu akanyamaza kwa muda mrefu. Kilichobaki ni ndani, ambako mbao hazikuwa zimepakwa chochote. "Huku angalau tupige msasa, kumechafuka," fundi akasema, akainua kifuniko hadi mwisho, mwanga wa mchana ukaingia.

Kile alichodhani ni uchafu kilikuwa maandishi. Upande wa ndani wa kifuniko, kwa wino uliofifia, palikuwa na mistari saba ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba hati hiyo ndiyo iliyoandikiwa tungo zetu za kale, na kwamba wanawake wa pwani hawakuachwa nyuma: Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka wa 1858. Nyanya yangu hakuwa mshairi. Aliandika alichohitaji kukumbuka, yaani majina ya watoto wake na miezi waliyozaliwa, kwa kalenda ya Waswahili inayohesabu mifunguo baada ya Ramadhani.

Mama yetu alituambia maisha yake yote kwamba wao walizaliwa watano. Majina kwenye kifuniko ni sita. La pili ni la mtoto wa kike, aliyezaliwa Mfunguo Sita 1348, yaani mwezi wa Maulidi, Agosti 1929. Mbele ya mistari mingine hakuna nyongeza. Chini ya mstari wa mtoto huyo pana mstari mfupi: Mfunguo Tisa, mwaka uo huo, na neno moja, 'mefariki'. Aliishi miezi mitatu hivi. Mama mdogo, ambaye ndiye pekee aliyebaki hai katika orodha hiyo, hakuwahi kusikia habari zake. Alinitaka nimsomee jina lile mara tatu, kisha akauliza ikiwa nina hakika na herufi. Nilikuwa na hakika. Ijumaa iliyofuata tulisoma khitma, na jina hilo likatajwa pamoja na majina ya wazee wengine. Kwa miaka zaidi ya 90 lilikuwa limehifadhiwa na ubao tu. Laiti mashine ingepita, lingekuwa vumbi sakafuni kabla ya chai ya saa nne.

Wahifadhi wa makumbusho wanaijua kanuni hii vizuri kuliko sisi wenye nyumba. Kiti cha enzi, kile cha mpingo kilichonakshiwa kwa pembe za ndovu na kusukwa kwa nyuzi, kilichokaliwa na wakubwa wa Lamu, Pate na Siyu, hakifanywi kipya. Hata mtu angetaka, pembe za kuzibia mapengo angezipata wapi? Mwaka wa 1989 Kenya iliteketeza tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi, na biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku. Kipande kilichopotea kimepotea. Kazi ya mhifadhi ni kuzuia kingine kisipotee, na kufanya marekebisho ambayo yanaweza kutenguliwa kesho na mtu anayejua zaidi.

Sasa nirudi kwenye lugha. Litazame tena neno la nyanya: 'mefariki'. Mhariri wa leo angelipiga msasa papo hapo, akaongeza a- mwanzoni, na mwanafunzi akiliandika hivyo kwenye mtihani atapigiwa mstari mwekundu. Lakini halina kasoro. Ni Kimvita safi, kama vile ndia kwa njia na mato kwa macho. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka wa 1930 ikasimamia vitabu viandikwe hivyo. Sipingi uamuzi huo. Mimi mwenyewe nimekula mkate wangu kwa Kiswahili sanifu na safu hii imeandikwa kwacho. Shule zilihitaji lugha moja ya vitabu. Nikumbushe tu kwamba nyanya alikuwa akiandika kifunikoni mwake katika miaka iyo hiyo, na kila mashine ya kulainisha hutoa vumbi.

Nina maombi mawili. Walimu wa Kiswahili, mnapowatuma wanafunzi kufanya utafiti, wapelekeni kwenye karakana. Wamuulize seremala mzee majina ya vyombo vyake, ya viungo vya mbao na ya miti: mvule, mninga, mbambakofi, mkangazi. Nyingi ya istilahi hizo ziko kwenye ndimi za watu wenye umri wangu, nasi hatudumu kama msaji. Na wenye nyumba, kabla hujamkabidhi fundi kabati la babu au kasha la nyanya, vuta kila mtoto, inua kila kifuniko, ligeuze uliangalie chini kwa tochi. Piga picha. Uliza lilipakwa nini. Ukiona michoro usiyoielewa, mtafute mtu wa kukusomea.

Kasha letu lilipelekwa wiki iliyopita. Lina miguu mipya ya mvule, njumu 14 zilizorudishwa mahali pake, na mng'ao ambao dada yangu ameukubali. Bi arusi alituomba kitu kimoja: mistari yote saba aandikiwe kwenye karatasi kwa hati za Kirumi, ili naye aweze kuisoma. Nimemwandikia, na neno 'mefariki' nimeliacha kama lilivyo.