UZI: Mpaka "ukifunguliwa", ni nani hasa anauza ng'ombe?

1/ Wadau, kila msimu wa kampeni ukikaribia, kuna mtu atapanda jukwaani Kajiado aseme, "Tutafungua mpaka ng'ombe wapite!" Watu wanapiga makofi. Mimi nimezaliwa huko, nasomea sayansi ya siasa, na karo yangu hutoka zizini. Hebu turudi nyuma kidogo kabla hatujapiga makofi tena.

2/ Mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana eneo hili kwenye karatasi. Mstari ulitoka pwani, ukazunguka Kilimanjaro, ukaelekea Ziwa Victoria. Nchi ya Wamaasai ikabaki pande mbili. Ndiyo maana mimi ni Mkenya na baba mdogo, anayeishi Longido, ni Mtanzania.

3/ Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ikaua sehemu kubwa ya ng'ombe wa Wamaasai. Kwa hivyo mtu asikuambie ati kanuni za magonjwa ni usumbufu tu. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka wa 2011, na ni chanjo na udhibiti vilivyofanya hiyo kazi.

4/ Lakini angalia vile kanuni zilitumika. Enzi za ukoloni, hifadhi ya Wamaasai ilikaa chini ya karantini kwa miaka mingi. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwepo kweli. Ila karantini hiyo hiyo iliwafungia wafugaji nje ya soko ambalo walowezi walilitaka. Kanuni moja, kazi mbili: kuzuia ugonjwa na kuzuia mshindani.

5/ Mwaka wa 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi mwishoni mwa 1983. Je, ng'ombe waliacha kuvuka? Babu anacheka ukimuuliza. Walivuka usiku, na bei ilipangwa na yule aliyejua njia na askari aliyekuwa zamu. Mwenye ng'ombe alichukua alichopewa, manake hangeweza kurudi nao mchana.

6/ Jumuiya ikafufuliwa. Umoja wa forodha ulianza 2005, soko la pamoja 2010. Ushuru wa bidhaa zetu wenyewe ukaondolewa, na mfanyabiashara mdogo akapewa utaratibu rahisi kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Safi. Lakini piga hesabu: fahali wachache tu wazuri washafika hapo. Halafu utaratibu huo unarahisisha mambo ya ushuru, hauondoi cheti cha daktari wa mifugo. Nchi bado ina haki ya kuzuia mifugo kwa sababu ya afya.

7/ Oktoba 2017 tuliona maana yake. Tanzania ilikamata na kupiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka kufuata malisho. Muda mfupi baadaye, vifaranga 6,400 waliopitishwa Namanga kutoka Kenya wakachomwa moto kwa hofu ya mafua ya ndege. Kwa sheria, wale ng'ombe waliingia bila kibali. Kwa mwenye ng'ombe, ulikuwa ukame.

8/ Na leo? Mwaka jana baba mdogo alitaka kuleta fahali wanne soko la Bissil, manake huku bei ni afadhali. Cheti cha afya, vibali, ada, na ofisi iko mbali. Kila siku ya kuzungushwa ni siku ya ng'ombe kukonda. Mwishowe akamuuzia broka pale pale bomani. Wiki iliyofuata tukawaona fahali wale wale Bissil, tukawajua kwa alama za masikio, wana karatasi zote. Tofauti ya bei ilikaribia karo yangu ya muhula mzima.

9/ Simlaumu broka sana. Anabeba hatari, na anajua ofisi zote. Ninachosema ni hiki: tangu enzi za babu, kufunga mpaka hakujazuia ng'ombe. Kumeamua tu ni nani avuke nao, na huyo si mfugaji.

10/ Kwa hivyo akisimama tena mtu na ahadi ya "kufungua mpaka", muulize:
- Daktari wa mifugo atakuwa sokoni siku ya soko, au nimfuate makao makuu ya kaunti?
- Cheti kilichotolewa upande mmoja kitakubaliwa upande wa pili?
- Ada zote ni ngapi, na zimebandikwa wapi tuzisome?
- Ukame ukija, anayefuata malisho atahesabiwa mfanyabiashara wa magendo?

Akijibu kwa wimbo, weka makofi mfukoni.

Wenye ndugu Busia, Moyale na Liboi, huko kwenu broka anachukua ngapi? Tuandikieni hapa chini.