Mvua Ikinyesha Singida, Nani Anapumzika?

Sisi wa mjini mvua ikinyesha tuna sababu tayari mfukoni. Daladala hakuna, Jangwani pamejaa maji, bosi ataelewa tu. Na tukimfikiria mkulima siku kama hiyo, wengi tuna picha moja: kajikunyata ndani, anaota moto, anasubiri jua. Leo naomba niibishie picha hiyo kwa kutumia historia ya Singida.

Kwanza hali ya hewa. Singida ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 500 hadi 800. Kwa hiyo siku ya mvua ni mali. Tatizo ni kwamba huwezi kupalilia huku inanyesha: udongo unanata kwenye jembe, na magugu uliyong'oa yanashika mizizi upya. Shamba lenyewe linakufukuza. Sasa ufanye nini cha maana?

Wanyaturu na Wanyiramba wa zamani walikuwa na majibu. Waliishi kwenye tembe, nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa la udongo. Mvua kubwa ikipiga, paa linavuja, lazima mtu apande akazibe. Zizini maji yalihitaji mfereji, maana samadi ndiyo iliyokuwa mbolea ya mashamba yaliyozunguka nyumba. Minyaa ilikatwa na kuchomekwa kuziba ua. Marando ya viazi vitamu yalipandwa udongo ungali laini.

Kuna kazi nyingine ambazo bila mvua hazifanyiki vizuri. Miti ya miombo huachia gome kirahisi wakati wa masika. Kiangazi ukijaribu, gome linapasuka. Na gome ndilo la kutengenezea mizinga ya nyuki, vilindo vya kuhifadhia nafaka, na kamba. Hapo huyu mtu anapumzika saa ngapi?

Lakini tusiwapambe mno wazee wetu. Azimio la Arusha, Februari 1967, lilisema jambo ambalo wengi tulilipita haraka shuleni: wanawake wa vijijini wanafanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, wakati wanaume wa vijijini nusu ya maisha yao wako likizo. Mwanamke wa Singida alisaga mtama kwenye jiwe mvua inyeshe isinyeshe. Kuni zilizolowa zilikuwa zake, maji yalikuwa yake.

Halafu ikaja amri ya Novemba 1973 kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe anaishi kijijini. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliandika mwaka 1977 kwamba watu zaidi ya milioni 13 nchini walikuwa wameshaingia vijijini. Shule na zahanati zilisogea karibu, sikatai. Lakini kwa wengi shamba lilisogea mbali. Zile kazi ndogo ndogo za siku ya mvua ziliwezekana kwa sababu nyumba, zizi na shamba vilikuwa pamoja. Mvua ikikatika kidogo unatoka, ikirudi unaingia. Ukiwa unatembea saa nzima kwenda shambani, utaratibu huo umekufa.

Baadaye vikaja vitu vya dukani. Bati halihitaji kuzibwa kwa udongo. Gunia limechukua nafasi ya kilindo, kamba ya plastiki imechukua ya gome, na mzinga wa mbao unatengenezwa na fundi. Ni maendeleo, nani atataka paa livuje? Ila angalieni orodha hiyo vizuri: kazi nyingi zilizofutika ni za wanaume. Mashine ya kusaga imempunguzia mwanamke jiwe, lakini mzigo wa kupeleka mashineni kwenye tope bado ni wake. Kuni na maji bado ni vyake.

Kwa maoni yangu, Azimio lilisema kweli mwaka 1967, na tangu hapo mabati na magunia yamemwongezea mwanaume likizo. Mifereji ya kuzuia mmomonyoko, mapipa ya kukinga maji ya bati, kuchambua mbegu za alizeti: kazi za siku ya mvua bado zipo tele, na nyingi hazidai hela.

Je, kwenu mvua ikinyesha, nani anakaa?