Utenzi na slufay

Utenzi ni utungo mrefu wa Kiswahili wenye beti za mishororo minne mifupi, uliostawi katika mwambao wa Pate, Lamu na Mombasa. Slufay ni ghani ya sala na baraka ya Wairaqw, watu wa lugha ya Kikushi wanaoishi nyanda za juu za Mbulu na wilaya ya Karatu. Tungo hizi zinakaribiana kwa maudhui, lakini umbo la kila moja limejengwa kwa kanuni yake.

Umbo

Utenzi hupimwa kwa mizani na vina. Kila mshororo huwa na mizani 8. Mishororo mitatu ya kwanza hukubaliana kwa kina, na wa nne hubeba kina cha bahari kinachorudi kila ubeti hadi mwisho. Maneno "Ngorongoro na Karatu" yanatimiza mshororo mmoja: ngo-ro-ngo-ro, na, ka-ra-tu. Yakifungua ubeti, mishororo miwili inayofuata nayo itaishia kwa -tu. Shairi la tarbia hukunjua kipimo hicho: mishororo minne ya mizani 16, kila mmoja ukigawanyika vipande viwili, ukwapi na utao, wenye vina vya kati na vya mwisho.

Slufay haihesabu silabi. Mzee mmoja hughani kauli fupi na waliohudhuria humwitikia. Kauli hujengwa kwa sambamba: wazo husemwa, kisha hurudiwa kwa neno jingine au kwa kinyume chake. Kiiraqw kina irabu fupi na ndefu, toni, na silabi zinazofungwa kwa konsonanti, kwa hiyo hesabu ya mizani ya Kiswahili haihamii humo kirahisi.

Maudhui

Utenzi wa kale huanza kwa kumtaja Mungu na mara nyingi hufungwa kwa dua. Katikati huja kisa au wosia. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, unasimulia vita vya Waislamu na Warumi kwa beti zaidi ya 1,000. Mwana Kupona, katika utenzi wake wa mwaka 1858, alimwusia bintiye juu ya dini, ndoa na heshima. Shairi liliingia zaidi katika mambo ya mjini: Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) alilitumia kwa mapenzi, ukata, na kuwatetea Wamazrui dhidi ya wapinzani wao wa Lamu na Unguja.

Katika slufay, dua ndiyo utungo wote. Huombwa amani, mvua, mazao, watoto na ng'ombe, na magonjwa yaondolewe. Katika imani ya jadi anayetajwa ni Looaa, anayehusishwa na jua na wema, tofauti na neetlangw, pepo wa majini wanaoogopwa. Yule mzee haombi kwa nafsi yake. Mwana Kupona anataja jina lake na maradhi yake, ilhali msemaji wa slufay anasema kwa niaba ya kikao kizima, na mwitikio ndio unaoifanya sala kuwa ya wote.

Uhifadhi na tahakiki

Tenzi zilinakiliwa kwa hati za Kiarabu, kisha zikaghaniwa kutoka kwenye karatasi. Slufay ilikaa vinywani mwa wazee, na inapoandikwa hupoteza sauti ya waitikiaji, ambayo ni sehemu ya umbo lake.

Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichoimarisha rai kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi. Rai hiyo ilipingwa na wanamapinduzi wa ushairi wa miaka ya 1970, akiwamo Euphrase Kezilahabi katika Kichomi (1974). Ulinganisho na slufay unaongeza hoja katika mjadala huo: bara la Tanzania lina ushairi wa jadi wenye nidhamu ya sambamba na mwitikio, usiotegemea vina wala idadi ya silabi.