Kiunganishi, Kiungo na Antena Iliyolegea

"Antena imelegea" ni maelezo ya mteja, na kwa mteja yanatosha. Fundi anahitaji zaidi, kwa kuwa kauli hiyo moja inafunika hitilafu mbili zisizotengenezwa kwa njia moja. Kiswahili kina maneno ya kuzitenga, kiunganishi na kiungo, lakini tunayatumia ovyo, moja mahali pa jingine. Nitayaeleza kwa kifaa kinachoonyesha tofauti yao waziwazi: redio skana inayosikiliza bahari ya Tanga.

Skana hupita kwenye masafa mengi, moja baada ya jingine, na kusimama penye sauti. Hupokea tu, hairushi. Kwenye pwani hii, kuanzia Moa na Jasini mpakani hadi Pangani, masafa ya maana kwake ni ya VHF ya baharini, hasa chaneli 16, megahezi 156.8, ambayo vyombo vya dunia nzima huitumia kuitana na kuomba msaada. Antena ya robo wimbi kwa masafa hayo ina urefu wa karibu sentimita 48. Fimbo ya urefu huo, ikishikiliwa na kipande cha shaba cha ukubwa wa ncha ya kidole, huwa wenzo: ukiigusa juu, chini panabeba nguvu yote. Ndiyo maana hitilafu huanzia pale.

Kiunganishi ni kifaa cha kuunganisha na kutenganisha kwa mkono. Wengi walilijua neno hili darasani kama jina la "na", "lakini" na "kwa sababu", na hakuna ubaya likifanya kazi mbili. Limeundwa kama king'amuzi, ambalo lilitoka kwenye kitenzi kung'amua na kuingia majumbani mara tu matangazo ya televisheni yalipohamia dijitali, Dar es Salaam mwishoni mwa 2012 na Tanga mwanzoni mwa 2013. Hakuna aliyehitaji kufundishwa neno lile. Kifaa kilikuwa mezani na jina lilieleza kazi yake. Kiunganishi cha antena kina haki hiyohiyo. Kina nusu mbili: dume lenye pini ya kati na jike lenye tundu la kuipokea. Pini hubeba mawimbi, na gamba la nje, linaloshikana na wavu wa waya, ni upande wa ardhi.

Aina zake ni nyingi. Kwenye redio za boti utakuta kile kinene cha kuzungusha kwa hesi, PL-259. Kwenye skana za mkononi kilichozoeleka ni BNC, ambacho mafundi wa kamera za ulinzi wanakijua vizuri: unasukuma, unazungusha robo mzunguko, kinajifunga. Herufi mbili za mwisho ni za wahandisi wawili wa Marekani, Paul Neill na Carl Concelman.

Kiungo ni kitu kingine. Ni mahali vitu viwili viliposhikana ili vikae hivyo, kama goti au kiwiko. Ndani ya skana, miguu ya jike imeshikana na bodi kwa lehemu, na kila mshikano huo ni kiungo cha lehemu. Lehemu yenyewe ni neno la Kiarabu, lenye mzizi mmoja na neno lao la nyama. Lugha zote mbili zimekwenda mwilini kutafuta jina la kazi hii. Kwa hiyo kiunganishi hulegea, kiungo hupasuka. Fundi akiandika hivyo kwenye daftari lake, atakayeishika redio baada yake atajua pa kuanzia.

Dalili zao zinafanana kiasi cha kudanganya. Kiungo cha pini kikipasuka, ufa ni mwembamba mno, na mawimbi ya masafa haya huweza kuuvuka kidogo. Meli iliyotia nanga bandarini itasikika safi, ilhali sauti za upande wa pili wa Mkondo wa Pemba zimepotea. Mwenye redio atalaumu hali ya hewa.

Ili kuzitofautisha, toa betri kwanza. Shika jike na ulitikise taratibu. Likizunguka lote ndani ya kasha, nati yake imelegea: hicho ni kiunganishi. Usiikaze kwa nje huku jike likizunguka, maana waya mwembamba wa ndani utajisokota mpaka ukatike kwenye pini, na hapo umeongeza hitilafu ya pili. Fungua kasha, shika jike kwa ndani, ndipo ukaze nati, na uweke washa yenye meno kama haipo.

Likiwa limekaza lakini bodi inacheza nalo, chukua lenzi utazame miguu yake. Ufa wa lehemu huonekana kama pete nyeusi iliyouzunguka mguu. Kuiyeyusha lehemu kuukuu juu kwa juu hakutoshi; ifyonze, safisha kwa spiriti, paka dawa ya kulehemia, weka mpya. Miguu ya upande wa ardhi ni minene na hunywa joto, kwa hiyo pasi ya kulehemia iwe na ncha pana. Dawa iwe ya utomvu wa msonobari. Ile ya asidi ya mafundi mabati inashika haraka, lakini mabaki yake huila shaba, na kwenye bodi ya redio sitaikubali kamwe.

Kisha pima kwa mita, antena ikiwa nje. Pini na njia yake kwenye bodi zipitishe umeme. Pini na gamba kwa kawaida zisipitishe, ingawa redio nyingine zina koili ya kumwaga umeme tuli pale mlangoni, na mita itasoma kama kwamba zimegusana. Kabla ya kumhukumu mtu kwa kulehemu vibaya, tazama mchoro wa saketi.

Tanga haina msimu wa kuipumzisha shaba. Kaskazi hutoka baharini, kusi pia, na zote hubeba chumvi. Kutu ya kijani ndani ya jike ni ugonjwa wa kiunganishi, wala hauhitaji lehemu: spiriti, brashi laini, kisha kukausha. Kama antena iko juu ya paa au mlingoti, funga maungio ya nje kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, na uache waya uning'inie kidogo chini ya tundu la ukutani ili maji yadondoke kabla hayajaingia. Waya wa televisheni wa omu 75 unaweza kutumika badala ya ule wa 50. Kwa redio ya kupokea tu hasara yake ni ndogo. Kwa redio ya boti inayorusha usiuweke, na usibonyeze kitufe cha kuongea wakati kiunganishi kimelegea, maana nguvu isiyopata antena hurudi kwenye kikuza mawimbi cha mwisho na inaweza kukiunguza.